Lugha ya Kitanda cha Tisa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga na dakika tano za kusema. Zile dakika tano nilizimaliza kwa kushukuru, maana biriani ilikuwa inapoa na mgeni rasmi ameshaanza kuutazama mlango. Asha wa zamu ya jioni akanifuata mpaka kwenye ngazi. "Bi. Raya, mbona hukutwambia kitu?" Nikamwambia nitaandika. Alinitazama kama mtu anayemsikia mgonjwa akiahidi kuacha chumvi.

Basi nimeandika. Nimekaa barazani kwangu Kikwajuni na daftari la kurasa mia, na miwani ambayo mjukuu wangu ameikalia mara mbili. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo vilinijia magoti yameshachoka, na habari za mishahara mnazijua wenyewe. Nataka kukuelezeni watu.

Nilianza kazi ya uuguzi katika hospitali ya mjini nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikapangiwa wodi ya wanaume, na humo nimekaa karibu umri wangu wote wa kazi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi. Zuwena, mkuu wa wodi, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake ulivisikia kabla ya kumwona. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa fomu ya kulaza mgonjwa na kalamu, akanionesha kitanda.

Mgonjwa aliitwa Ramadhani. Nikaandika jina, umri na shehia yake, na nilipofika kwenye dini nikaandika Mwislamu bila ya kuinua macho. Bi. Zuwena akaisoma ile fomu.

"Umemuuliza?"

"Anaitwa Ramadhani, Bi. Zuwena."

"Nakuuliza kama umemuuliza."

Nikarudi kumuuliza. Alikuwa Mkristo, wazee wake watu wa Bara waliokuja kulima huku. Mama yake alijifungua mwezi wa Ramadhani, na jirani aliyemzalisha, Mwislamu, akaombwa ampe mtoto jina. Mwenyewe alinieleza akicheka, kwa sababu alikuwa akiieleza habari hiyo tangu utotoni. Mimi sikucheka.

"Jina ni kibao cha mlangoni, Raya," aliniambia Bi. Zuwena. "Kusoma kibao si kuingia ndani. Wanaohesabu watu wa nchi hii hawaulizi dini wala kabila, na wana sababu zao. Sisi tunauliza, lakini si kwa umbea. Mtu akitufia mikononi lazima tujue tumwite nani."

Na alimwita. Nilimwona akitoka mwenyewe saa saba ya mchana, jua limesimama kichwani, kwenda kwa miguu mpaka kanisani kumleta padri kwa mgonjwa ambaye hakuwa na jamaa hata mmoja kisiwani. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akivuta pazia kwenye vitanda vya wagonjwa Wakristo waliokuwa wakiona haya kula mbele ya wenzao. "Kula mwanangu, dawa haitaki tumbo tupu." Kisha alihamia upande wa pili wa wodi kugombana na wazee wa Kiislamu wenye kisukari waliokuwa wakificha dawa ili wafunge. Ugomvi huo aliushinda nusu. Nusu ya pili nimeirithi mimi, na sasa ni yenu.

Nilikuwa na kiburi cha mtoto wa mjini. Skuli tumefundishwa kwamba Kiswahili sanifu kimechukuliwa kwetu, nami nikaona Kiswahili cha kila mtu mwingine ni cha kusahihishwa. Akalazwa mzee mmoja wa Makunduchi aliyekuwa akieleza maumivu yake kwa lahaja ya kwao, na kila akisema neno, mimi namrudishia kwa Kiswahili cha kitabu. Siku ya tatu akaacha kusema. Bi. Zuwena aliketi kitandani kwake nusu saa, akaja na habari kwamba mzee hajapata choo tangu siku aliyoingia. Alinivuta kando.

"Kiswahili sanifu kimetoka hapa mjini, hilo kweli. Lakini maradhi hayakwenda skuli."

Tangu siku hiyo nikaanza kuweka daftari. Lilikuwa dogo la kutia mfukoni, na kila ukurasa una maneno machache tu: maji, panauma, choo, geuza, mama. Mama niliongeza baadaye, nilipoona kwamba wanaume wazima homa ikipanda hawamwiti mke. Kulikuwa na muuza duka mmoja Mhindi wa Hurumzi, Kiswahili chake cha kuuza na kununua huwezi kukitia kasoro, lakini ukimgusa tumbo lililovimba anasema "dukhe," yaani panauma, kwa Kigujarati cha nyumbani kwao. Nikaandika dukhe. Wanyamwezi na Wasukuma wakanipa minzi, yaani maji. Kijana mmoja wa Dodoma, homa imemshika, alikuwa akiita "malenga, malenga," nami nikaenda kumwambia Bi. Zuwena kwamba mgonjwa anataka kutungiwa shairi. Kumbe kwa Kigogo malenga ni maji. Bi. Zuwena alikaa chini kwa kucheka, na kwa miaka miwili kila akiona kiu alinituma nikamletee malenga.

Yeye alistaafu, akaniachia funguo za kabati na kipimo cha joto cha kioo alichokihifadhi kwenye gilasi ya spiriti kana kwamba ni jicho lake. Siku hizi mna vipimo vya kuelekeza tu usoni mwa mtu, na betri zake hufa siku ya wagonjwa wengi. Daftari langu likafika la nne. Miaka ikapita kama inavyopita wodini, kwa zamu. Nikaanza kuamini kwamba hakuna mtu atakayelazwa kwangu nisijue pa kuanzia naye.

Ndipo akaletwa Mzee Athumani.

Wengi wenu hamkuwa mmeanza. Alikuwa fundi baiskeli wa Mwembeladu, mwenye kibanda chake pembeni mwa njia. Nusu ya watu wa mji huu wamewahi kumpelekea pancha. Mzee mpole, msafi, Kiswahili chake cha Unguja hasa, wa kuswali jamaa. Kiharusi kilimpiga asubuhi akitia mnyororo, kikamchukua upande wote wa kulia. Alikuja na mkewe, Bi. Mwanahawa, Mtumbatu wa Jongowe, na mtoto wao Haji, fundi umeme, mtu mzima wa miaka arubaini. Tukampa kitanda cha tisa, karibu na dirisha.

Siku mbili alilala tu. Siku ya tatu akafungua macho na kuanza kusema.

Hakuna aliyemfahamu. Na si kwamba ulimi ulikuwa mzito. Ulimi ulikwenda mbio. Lakini katikati ya maneno mlikuwa na milio: mara kama mtu anayefyonya, mara kama anayemhimiza punda, mara kama kizibo cha chupa kinapong'oka. Alisema, akanyamaza akatutazama, akasema tena. Daktari, kijana mzuri ambaye hakuwa amelala, alimpima, akaandika kwamba maneno yamevurugika kwa sababu ya kiharusi, jambo ambalo sote tumeliona mara nyingi. Nami nililikubali.

Bi. Mwanahawa ndiye aliyeshindwa kulikubali. Alinijia pale mezani, buibui limemwanguka mabegani, hakulirekebisha.

"Bi. Raya, mume wangu ananifyonya."

"Si yeye, Bi. Mwanahawa. Ni maradhi."

"Wewe anakufyonya?"

Nilifikiri kidogo. Kweli, mimi hakunifanyia sana. Mkewe akikaa tu, ndipo milio inapozidi.

"Miaka arubaini na mbili," alisema. "Hajapata kunipandishia sauti. Leo namtia maji mdomoni, ananifyonya mbele za watu."

Siku ya nne ikawa hivyo, na ya tano. Bi. Mwanahawa akawa anamlisha huku amegeuza uso. Siku ya sita Haji akaniomba fomu ya kumtoa baba yake kwa hiari yao.

"Bi. Raya, usinielewe vibaya. Mie ni fundi umeme, naamini vipimo. Lakini ile si sauti ya baba. Wazee wa upande wa mama wanasema huyu ana mtu juu yake, na wapo kwao wanaojua kuzungumza naye."

Sikumcheka. Ukicheka imani ya mtu mbele ya kitanda cha baba yake, humwoni tena mpaka mgonjwa ameharibika. Nilimwambia, "Siwakatazi. Lakini kumpandisha mtu huyu gari mpaka Mkokotoni, kisha chombo mpaka Jongowe, wiki haijesha tangu apigwe na kiharusi, huenda asifike. Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

Nilisema Ijumaa kwa kuwa ilikuwa Jumapili na nilitaka siku nyingi.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, Bi. Mwanahawa aliacha kumlisha, akaweka bakuli chini. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa. Akaanza kumsomea Alhamdu kwa sauti ndogo, kama anavyosomewa mgonjwa yeyote. Mimi nilikuwa kitanda cha nane nafunga kidonda. Alipofika iyyaka na'abudu nikasikia sauti ya pili. Mzee Athumani alikuwa akisoma naye. Kiarabu chake safi, ha na ain kila moja mahali pake, mpaka amin. Kisha akamwangalia mkewe, akasema maneno yake yale yale ya milio.

Haji alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda.

"Pepo hasomi Alhamdu," alisema.

"Hasomi," alisema mama yake.

"Basi kama ni mwenyewe, anatufyonya kwa nini?"

Hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimwona Bi. Mwanahawa akiokota bakuli lake, akaenda kuliosha bombani, akaliosha tena.

Sasa nimtaje Neema. Neema alikuwa mhudumu wetu wa usafi, Mgogo, Mkristo, ameolewa na fundi uashi na wanakaa Mwanakwerekwe. Alikuwa na miezi mitatu kazini, mwenye haya, na wodi hupigwa deki na watu ambao hakuna anayewauliza neno. Jumanne asubuhi alikuwa anapiga deki chini ya kitanda cha tisa, mzee akisema peke yake. Neema akasimama, kijiti cha deki mkononi. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Sista, samahani. Yule mzee anaongea."

"Najua anaongea, Neema. Tumechoka naye."

"Hapana. Anaongea lugha."

Niliweka kalamu.

"Kwetu Dodoma, ukienda mnadani siku ya ng'ombe, unawasikia watu wa upande wa Kondoa na Chemba. Wasandawe. Wanaongea hivyo hivyo, na mlio ndani ya neno. Si kusonya, sista. Ni herufi zao."

"Unamfahamu anachosema?"

"Hata neno moja. Bibi yangu alikuwa anasema ile lugha haiingii kwenye mdomo ambao haukuzaliwa nayo."

Nilikuwa na madaftari manne ya lugha za watu, na aliyenisomesha ni mwanamke niliyekuwa nampita kila asubuhi na kumwambia tu "hapo hujafika."

Nikamwita Bi. Mwanahawa kwenye baraza la nyuma, nikamweleza polepole. Kiharusi kimepiga mahali Kiswahili kilipokaa. Alhamdu imebaki kwa kuwa ameisoma mara nyingi mno hata haihitaji kutafutwa. Na chini yake imebaki lugha aliyozaliwa nayo. Nilimuuliza mumewe ni mtu wa wapi.

"Mtu wa Bara. Tabora."

"Alikwambia Tabora?"

Alifikiri. "Hakusema. Watu walisema Tabora, yeye akanyamaza."

"Na lugha yao hujapata kumsikia akiisema?"

"Hata usingizini."

Nilitarajia atapumua. Matusi yamekwisha, mume wake hakumtukana. Badala yake alikaa kwenye ngazi na kujifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Afadhali angenifyonya," alisema. "Kufyonywa nnakujua. Lakini miaka arubaini na mbili, Bi. Raya, nimelala na mtu na mlango mmoja wa nyumba yake sijapata kuuona."

Neema akachukua jambo lile mikononi mwake bila ya kutumwa. Jumatano jioni kwaya yao ilikuwa na mazoezi, akawaomba: yeyote anayemjua Msandawe kisiwani aseme. Mmoja akamjua mmoja aliyekuwa mpishi Nungwi, ambaye kumbe ni Mrangi, lakini huyo Mrangi akamjua Msandawe kweli, Petro, askari mlinzi wa hoteli moja Kendwa. Siku ya Alkhamisi nilizungumza naye kwa simu. Alisema anatoka zamu alfajiri na atakuja.

Ijumaa asubuhi Haji alikuja na fomu imejazwa. Nilimwomba akaswali Ijumaa kwanza. Petro alifika watu wakiwa msikitini. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, amevaa sare yake ya ulinzi iliyokunjamana, macho mekundu kwa kukesha. Akamwamkia Bi. Mwanahawa kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mbali."

Petro akavuta kiti, akainama kwa mzee, akasema maneno matatu au manne.

Mzee Athumani alimtazama, akaitazama ile sare, akamtazama tena mdomoni, kama mtu anayesubiri aone kama atachezewa. Petro akarudia. Basi mzee akaanza, na alipoanza hakukuwa na kituo. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho la kushoto na lile la kulia ambalo halikufumba vizuri, na mdomo wenyewe unakwenda. Petro alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akanigeukia mimi, si Bi. Mwanahawa.

"Anasema nyonga inamwaka moto. Anaomba mumgeuze. Anasema anaomba tangu siku ya kwanza."

Tulimgeuza. Chini ya nyonga ya kulia palikuwa na kidonda cha kulalia, kipana kama kifuniko cha kikombe, kimeshaanza kuchimba. Kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni mwake, Mzee Athumani aligeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila ya kukosa. Saini tatu kati ya zile zilikuwa zangu. Nimeyaandika haya myasome vizuri: niliweka saini kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa, na kwa kuwa yeye hakuwa akilalamika. Na alilalamika siku tisa.

Tulimsafisha mimi na Neema. Sikumwachia mwengine. Tulipomaliza, akiwa amelala ubavu wa kushoto na mto nyuma yake, Bi. Mwanahawa akasogea.

"Mwanangu Petro, muulize mie nani."

Petro akauliza. Mzee alimwangalia mkewe, akajibu kwa kirefu, na sauti yake ilikuwa na malalamiko. Petro akaanza kutabasamu, akajizuia.

"Anasema wewe ni Mwanahawa. Anasema, mama, yeye kila siku anazungumza na wewe na wewe humjibu. Anakuuliza umekula, unamgeuzia uso. Anataka kujua amekukosea nini hata umemnunia."

Kwa hakika hapo ndipo nilipofahamu. Mzee hakujua. Kichwani mwake alikuwa akisema Kiswahili kama siku zote. Siku tisa wale watu wawili wamekaa shubiri moja baina yao, kila mmoja akidhani mwenzake amemtukana.

Bi. Mwanahawa alicheka kicheko kilichovunjika katikati. Akamshika mkono ule mzima. "Mwambie sijamnunia. Mwambie nilikuwa simsikii."

Haji alirudi kutoka msikitini akakuta mlinzi wa Kendwa anazungumza na baba yake, na mama yake ameshika mkono. Alisimama mlangoni. Sikumweleza kitu, mama yake alimweleza, kwa Kitumbatu, haraka haraka. Ile fomu aliikunja akaitia mfukoni mwa kanzu, na sijaiona tena.

Petro akawa anakuja kila siku yake ya mapumziko, na Haji akawa anamfuata kwa gari na kumrudisha. Kwa kupitia yeye habari zilitoka kidogo kidogo. Athumani alikuja Unguja kijana wa miaka kumi na minane, akapata kibarua cha kupakua mizigo Malindi. Alikuwa na mwenzake mmoja wa kwao, wakawa wanazungumza wakibeba. Wapakuzi wengine wakawasikia. Kwa ile milio wakampa Athumani jina: mjusi kafiri, yule wa ukutani anayelia usiku. Kila akifungua mdomo wanamwigiza, ukuta mzima wa wanaume wanalia kama mijusi. Mwenzake akarudi kwao. Yeye akabaki, akafunga mdomo mwaka mzima mpaka Kiswahili chake kikawa hakina harufu ya mahali popote. Alisilimu, akapewa jina la Athumani, akajifunza baiskeli, akaposa Jongowe. Hakudanganya. Hakuna aliyemuuliza tena, naye hakutaka kusikia wale mijusi wakilia nyumbani kwake.

"Angeniambia," Bi. Mwanahawa alisema.

Petro alimfasiria. Mzee akajibu kwa maneno machache.

"Anasema wewe Mtumbatu. Mjini walikuwa wanakuchekea maneno yako. Alikuona ukiyaficha."

Baadaye Bi. Mwanahawa, akichukua vyombo vyake, aliniambia kwamba ni kweli. Alipoletwa mjini bibi harusi alikuwa akienda dukani na kuonesha kwa kidole.

Aliazimia kujifunza. Mimi pia nilijaribu, na daftari langu lilishindwa, maana sikuona herufi ya kutia pale penye mlio. Niliandika nukta, kisha alama ya mshangao, kisha nikaacha. Bi. Mwanahawa hakuandika. Alikaa na Petro na kumtazama ulimi kama anavyotazamwa mtu anayefuma. Maji. Geuza. Panauma. Umekula. Akikosea mzee anamrekebisha kwa subira aliyoitumia kwa pancha. Wagonjwa wa kitanda cha nane na cha kumi wakawa wanajaribu na wao, na ikabidi niseme jamani, wodi hii si mnada.

Kidonda kilichukua wiki sita kufunga. Kwenye fomu ya kulaza niliongeza mstari kwa kalamu: lugha aliyozaliwa nayo. Baadhi yenu mlinung'unika kwamba fomu imekuwa ndefu. Ni kweli imekuwa ndefu. Na karatasi ya kugeuza wagonjwa nilianza kuijaza baada ya kugeuza, si kabla. Neema nilimpeleka kwa mkubwa wetu, nikasema huyu asiishie kwenye deki. Sasa anasomea uuguzi, na mnamjua wote, mkali kuliko mimi.

Mzee alirudi nyumbani akiwa na Kiswahili kidogo kilichoanza kurejea, kwanza salamu, kisha majina ya vyuma vya baiskeli. Nilikuwa nampitia Mwembeladu kila baada ya wiki kadhaa nikitoka kazini, kumpima presha. Mara moja nilikwenda asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo sikuwa zamuni. Mlango ulikuwa wazi. Yeye amekaa ukumbini kwenye kiti cha kamba, miguu juani, gurudumu la mtoto wa jirani mapajani, analizungusha kwa mkono mmoja na kulisikiliza. Bi. Mwanahawa alikuwa uani anakuna nazi. Hakuniona.

Akamwita. Hakumwita Athumani, wala Baba Haji. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yake kule Chemba, lile alilotuambia Petro, lenye mlio mwanzoni na mwengine katikati, na alilitoa zima, bila ya kujikwaa, kama jina lolote la kuitia mtu chakula.

Gurudumu likasimama.

"Naam," akaitika Mzee Athumani.

Nikaushika mkoba wangu vizuri, nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka njiani. Presha nilikuja kumpima Jumatatu.